Kistari Si Sifuri

6 Februari

Karani wangu,

Mvua ya jana: milimita tatu na nusu. Leo asubuhi mawingu mepesi, upepo hakuna. Kituo cha hali ya hewa kilinistaafisha miaka sita iliyopita, lakini kipima mvua cha uani kwangu hakina habari ya kustaafu, na mimi sina moyo wa kukiambia.

Hapa tunaendelea. Paa la jikoni lilivuja, limezibwa. Paka wa jirani amezaa chini ya ngazi yangu bila kubisha hodi. Jirani mwenyewe, yule mshona viatu, anakusalimu na kusema viatu ulivyomwachia alivimaliza mwaka juzi, sasa anavivaa Jumapili. Mkwe wetu hajambo? Mwambie nadai barua yake.

Sasa la msingi. Ule mkono wangu wa kulia, uliokuwa ukicheza peke yake ulipokuja kunitazama, umepata jina. Daktari wa kliniki alinitembeza ukumbini, akaniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akaukunja na kuukunjua mkono wangu kama anajaribu bawaba ya mlango. Kisha akaandika: Parkinson. Nimepewa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Nilimuuliza vitanifaa kiasi gani. Akasema, "Mzee, kuna anayemeza akanyanyuka kama kijana, na kuna anayemeza ikawa kama amekula chaki. Tutajua mbele ya safari."

Miaka thelathini na moja nilikuwa natumwa kusoma mawingu. Kuambiwa "mbele ya safari" hakunitoshi. Wewe ofisi yako si ndiyo kazi yake hiyo, kutabiri nani dawa itamkubali? Basi nitabirie.

Usipige simu. Imeanguka kwenye ndoo ya maji, na sina haraka ya kununua nyingine. Barua zinatosha.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido, nikairudia nimekaa. Pole sana. Huku ni vumbi na joto, kwa hiyo milimita zako nimezionea wivu. Nimehamia chumba kidogo zaidi, karibu na hospitali, natembea dakika kumi tu hadi kazini. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Umeuliza kuhusu kazi yetu. Ofisi yetu iko nyuma ya stoo ya mashuka, meza nne na feni moja inayogeuza shingo kama mtu anayekataa. Tumekusanya habari za wagonjwa mia nne wa ugonjwa huu: umri, upande ulioanza kutetemeka, dozi, na nafuu waliyopata. Kompyuta inazisoma zote, inatafuta wanafanana wapi. Ukiipa mgonjwa mpya, inasema dawa itamfaa kiasi gani kati ya mia. Hakuna uganga hapo. Ni kama wewe ulivyokuwa ukitazama vitabu vya miaka ishirini kabla ya kusema masika yatachelewa.

Ila inahitaji chakula, Mjomba, na chakula chake ni daftari. Kwa wiki tatu, kila saa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, andika tarakimu moja: 0 kama huna shida kabisa, 1 shida kidogo, 2 shida nyingi, 3 huwezi kitu. Nimekuchorea mistari, karatasi ziko ndani. Najua kwako hiyo si kazi, ni starehe.

Kula vizuri. Nani anakupikia siku hizi?

Karani wako


24 Machi

Karani wangu,

Mvua ya jana: milimita kumi na mbili. Mbili zaidi zingeingia chumbani.

Nazituma karatasi zako. Nimejaza kila nilipoweza. Kwa penseli, utanisamehe, kalamu ya wino siku hizi ina kiburi. Wiki tatu kamili, tarehe juu, saa pembeni. Nilijisikia mtu wa serikali tena. Saa tatu asubuhi nasoma kipima mvua, halafu najisoma mwenyewe.

Mshona viatu aliniona na karatasi akauliza, "Unaandika wosia?" Nikamwambia naandika ripoti ya mkono. Akasema, "Huo mkono unatetemeka kama umeiba na mwenye mali yuko mlangoni." Tulicheka mpaka paka akakimbia. Ni mtu mzuri. Ananipelekea barua posta kwa sababu njia ya kule ina mteremko.

Kitanda nimekihamishia chumba cha mbele, kuna mwanga zaidi. Vikombe nimenunua vya bati. Umeuliza nani ananipikia. Sufuria.

Umeniandikia kurasa mbili na mkwe wetu hamo hata kwenye salamu. Au naye ana mkono unaotetemeka?

Mjomba wako


15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo ya furaha. Tisini na moja!

Nimeingiza karatasi zako mwenyewe, baada ya saa za kazi, maana siku hizi jioni zangu ni ndefu. Saa kumi na sita kwa siku, siku ishirini na moja, visanduku mia tatu thelathini na sita. Palipokuwa wazi kompyuta imeweka sifuri, ndiyo kawaida yetu hapa, kwa kuwa asiyeandika huwa hana la kulalamikia. Kisha nikabonyeza, nikafumba macho kama mtoto anayesubiri kuchanjwa. Nilipofumbua: tisini na moja kati ya mia. Katika wale mia nne, waliokupita ni kumi na wawili tu.

Maana yake dawa imekukubali, na dozi yako iko sawa. Mkuu wetu wa ofisi ameweka sahihi na tumempelekea daktari wako matokeo. Amejibu kwamba hakuna haja ya kukusumbua kila mwezi, atakuona Oktoba.

Nilitoka nje nikanunua ndizi, nikala zote kwa niaba yako. Sikuwa na wa kumwambia pale, nikamwambia mlinzi. Akasema, "Hongera, mama, ni mtihani gani?"

Sasa nalala vizuri. Nilikuwa na hofu kwamba itabidi niombe likizo nije.

Karani wako


30 Mei

Karani wangu,

Mvua ya jana: milimita moja.

Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo limechelewa. Mshona viatu alikuwa safarini, na mteremko ule si wa kuuendea bila sababu.

Hongera kwa tisini na moja. Mwambie mkuu wako nashukuru. Daktari kweli amenihamishia Oktoba, na karani wa kliniki akaniambia, "Una bahati, mzee, wenzako wanakuja kila wiki." Nikasema ndiyo.

Nilitaka kukukumbusha jambo la kitabu cha mvua, nikaona la, umeshakua, una ofisi yako na kawaida zake.

Usiombe likizo kwa ajili yangu. Kazi ndiyo inayokuweka huko. Watoto wanne wa yule paka sasa wanawinda bila kufumba macho.

Mjomba


22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ina mistari ambayo ningeweza kuihesabu kwa vidole. Nimeisoma kisha nikafanya jambo la kijinga, nimechukua rula. Herufi zako za Februari zina urefu wa milimita tatu. Hizi za Mei zinaanza na tatu na kufikia neno "macho" hazifiki moja. Zinazama kama mtu anayeingia kisimani ngazi kwa ngazi.

Kwa mtu wa tisini na moja, hili sikulitarajia. Kuna kitu hunielezi? Na ni jambo gani la kitabu cha mvua? Simu bado? Naweza kukutumia nyingine.

Umeniuliza habari za nyumbani kwangu. Tuko salama. Feni ya ofisi imekufa.

Karani wako


3 Agosti

Mjomba wangu,

Hujajibu. Sina haki ya kulalamika. Safari hii naanza na la msingi, na salamu utazikuta mwishoni.

Jumanne iliyopita nilitumwa kliniki kuchukua madaftari ya wagonjwa. Mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa kwenye benchi, daftari liko magotini, penseli iko kati ya vidole. Ilikuwa saa sita kasoro. Nikamsalimu, akaitikia kwa midomo tu, sauti haikutoka. Nikamwambia, "Mwalimu, jaza cha saa sita basi niondoke nacho." Akaitazama penseli. Nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso, na mkono haukusogea hata upana wa punje ya mchele. Nilisubiri dakika ishirini. Mkewe akaja, akachukua daftari, akanipa. "Nenda nalo hivyohivyo," akasema. "Saa kama hizi huwa tunaacha wazi."

Mjomba, niliingia chooni nikakaa juu ya ndoo.

Nilikuwa na miaka kumi, mwaka ule uliougua homa ukashindwa kutoka kitandani siku mbili. Nilichukua kitabu cha mvua nikaandika sifuri mara mbili, ili kisikae na mapengo. Ulipopona ukaniita. Hukunipiga. Ulinipa kifutio, ukasema: "Sifuri maana yake nimetazama, sikukuta kitu. Kistari maana yake sikutazama. Huenda siku hiyo ndiyo mto ulipojaa. Kistari si sifuri, Karani, usimtie mtu majini kwa sababu ya usafi wa daftari." Nikafuta, nikachora vistari viwili. Hilo ndilo jambo ulilotaka kunikumbusha Mei.

Nimezitoa karatasi zako upya. Kuna visanduku sitini na kimoja vitupu. Vyote viko saa sita mchana, saa saba, na saa kumi na mbili jioni. Saa tatu asubuhi hakuna hata kimoja. Nilikuwa navyo mezani miezi minne na sikuviona, kwa kuwa kompyuta ilishavijaza sifuri na mimi nilikuwa natafuta furaha.

Nimeweka 3 kila palipokuwa wazi. Umeshuka hadi hamsini na nne. Usiogope tarakimu hiyo, inasema jambo la maana. Asubuhi dawa inakufungua vizuri sana. Inaisha tu kabla ya kidonge kinachofuata. Nimemwambia mkuu wetu mbele ya wote kwamba kosa ni langu na ni la ofisi. Tumepekua madaftari mia nne, na thelathini na saba yana mapengo kama yako. Watu thelathini na saba tumewaandika wazima katika saa ambazo hawakuweza kushika penseli. Kazi imesimama, tunarudia. Daktari wako nimemwandikia, naye amekubali kukuita mwezi huu akupime kwa macho yake, kabla ya dawa na baada ya dawa.

Na mimi nina kistari changu. Umeniuliza mara mbili: kwanza nikaacha wazi, kisha nikaandika "tuko salama". Mkweo aliondoka Januari. Hakukuwa na ugomvi, alifungasha kama mtu anayehama ofisi. Ndiyo maana chumba ni kidogo na jioni ni ndefu. Sikukuandikia kwa sababu ungesema nirudi nyumbani, na nisingekuwa na la kujibu.

Sasa nijibu bila kuacha wazi. Unaanguka? Nije?

Shikamoo.

Karani wako


10 Septemba

Karani wangu,

Mvua ya jana: milimita sita. Barua hii nimeiandika kwa siku tano, saa tatu hadi saa nne asubuhi tu, kama benki.

Pole kwa ya mkweo. Nilishahisi, maana mtu ambaye hatajwi hata kwa ubaya ameshaondoka. Sitakuambia urudi nyumbani. Nilikulea uondoke. Lakini kula ndizi zote peke yako na kumwambia mlinzi, hilo limeniuma kuliko goti.

Naam, goti. Naanguka. Mara tisa tangu Machi, zimo kwenye shajara yangu kwa tarehe. Kitanda nilikihamisha kwa sababu ya ngazi, mwanga ulikuwa uleule. Vikombe vya bati kwa sababu vya udongo viliisha. Simu haikuanguka kwenye maji. Iko kabatini, nzima, nimeizima tu. Sauti yangu imekuwa ndogo, mshona viatu huniambia, "Sema basi, au unaongea na mchwa?" Sikutaka uisikie. Katika barua mtu ana sauti ileile aliyokuwa nayo siku zote.

Umeandika kwamba ni kosa lako. Nusu ni langu, na nataka liandikwe. Niliposoma "palipokuwa wazi kompyuta imeweka sifuri", nilielewa palepale, nimesimama mlangoni. Nilichukua kalamu nikuambie. Kisha nikaiona ile tisini na moja. Hakuna mtu aliyenipa alama kubwa hivyo tangu shule. Na wewe ulikuwa unalala vizuri. Nikasema, acha alale. Mimi niliyekufundisha kistari nikaacha sifuri sitini na moja zipite zikiwa na jina langu. Mshona viatu nilipomweleza alinitolea ule msemo, mficha maradhi kifo humuumbua, nikamjibu kwamba mimi nimeumbuliwa na mpwa, afadhali.

Sasa ripoti. Tarehe 27 Agosti nilifika kliniki bila kumeza kidonge cha asubuhi, kama nilivyoagizwa. Mshona viatu alinibeba kwenye mkokoteni wake wa kubebea ngozi, nikinuka gundi. Daktari alichora mstari wa mita kumi sakafuni. Nilizitembea kwa sekunde arobaini na tatu, na mlangoni miguu iligoma kabisa, ikawa kama imepigiliwa misumari. Nikapewa dawa. Nikakaa. Baada ya saa moja, mita kumi zilezile, sekunde kumi na tatu. Daktari akatazama saa yake, akaitikisa, akatazama tena. "Mzee," akasema, "dawa inakupenda. Sisi ndio tulikuwa tunaileta imechelewa." Sasa nameza mara tano, vidogovidogo. Saa sita ya mchana nimerudishiwa. Saa kumi na mbili jioni pia, karibu yote. Saa saba bado. Amesema huenda isirudi, na kwamba hakuna kompyuta wala daktari atakayeniahidi mwakani itakuwaje. Hilo nimelipenda. Ni utabiri wa mtu mkweli.

Kuhusu kuja: una madaftari thelathini na saba ya kurekebisha. Maliza hayo kwanza. Mimi nina mshona viatu, nina paka watano.

Mjomba wako


28 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sekunde kumi na tatu nimezibandika ukutani juu ya meza yangu. Yule mwalimu naye ameitwa. Madaftari thelathini na saba yamekwisha, na sasa kwenye mashine yetu pengo linabaki pengo mpaka mtu aende kuuliza. Wenzangu wanaita kanuni hiyo "mjomba".

Umenijibu kuhusu kuanguka. Kuhusu kuja umenitajia madaftari, jirani na paka. Hilo ni pengo, na mimi nimekatazwa kulijaza kwa kubahatisha. Likizo yangu ni Novemba, wiki nne. Nitaiomba au nisiiombe?

Ukiweza, niandikie saa saba. Hizo za saa tatu asubuhi ninazo za kutosha.

Karani wako


14 Oktoba

Karani

Mvua —
Sikutoka kusoma.

Ni saa saba na robo. Mchana. Jirani hayupo. Penseli imeanguka mara mbili. Ya tatu nimeifunga kidoleni kwa uzi.

Nyumba iko kimya sana saa hii. Hilo sikuliandika kwenye karatasi zako. Halikuwa na kisanduku.

Andika 3.

Njoo